Mwalimu Julius Nyerere: kutoka darasani Pugu hadi mazungumzo ya amani ya Arusha

Julius Kambarage Nyerere (1922–1999) alikuwa mwalimu wa sekondari kabla ya kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Tanganyika huru, kisha rais wa kwanza wa Tanzania. Mpaka leo watu wa Afrika Mashariki na Kati wanamwita Mwalimu. Kwa wakimbizi na wenyeji wanaowapokea, historia yake ina uzito wake. Katika utawala wake, wakimbizi kutoka Rwanda, Burundi, Kongo, Msumbiji na Afrika Kusini walipewa mahali pa kuishi, wengi wakapewa mashamba na shule, na baadhi yao wakafunguliwa mlango wa uraia. Utawala huohuo ulitunga sheria kali ya kuwadhibiti. Makala hii inaeleza safari yake, na namna fikra za mwalimu wa shule zilivyoingia katika siasa ya ardhi, elimu na ukimbizi.

Kwa ufupi

- Kuzaliwa: 13 Aprili 1922, Butiama, karibu na Ziwa Viktoria
- Kazi ya kwanza: mwalimu, Tabora na Pugu
- Chama: TANU (1954), kisha CCM (1977)
- Uongozi wa nchi: 1961–1962 (waziri mkuu), 1962–1985 (rais)
- Tuzo ya Nansen kwa kazi ya kuwasaidia wakimbizi: 1983
- Msuluhishi wa mgogoro wa Burundi: 1996–1999
- Kufariki: 14 Oktoba 1999, London

Utoto na masomo

Kambarage alizaliwa Butiama, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Mara. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki, kabila dogo. Mama yake aliitwa Mgaya. Ingawa alikuwa mtoto wa chifu, alikua akichunga mifugo kama watoto wengine, na alianza shule akiwa na umri wa miaka 12, mwaka 1934, katika shule ya bweni ya Mwisenge mjini Musoma. Mwaka 1937 aliendelea katika shule ya serikali ya Tabora.

Mwaka 1943 alibatizwa katika Kanisa Katoliki na kuitwa Julius. Mwaka huohuo alikwenda Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Aliporudi alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora. Mwaka 1949 alipata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, akarudi na shahada mwaka 1952. Watanganyika waliokuwa na elimu ya namna hiyo wakati ule walikuwa wachache mno. Mwaka 1953 alimwoa Maria Gabriel, naye pia alikuwa mwalimu, na akafundisha katika shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, karibu kilomita 20 kutoka Dar es Salaam.

Kuchagua kati ya ualimu na siasa

Akiwa Pugu, Nyerere alichaguliwa mwaka 1953 kuwa rais wa Chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA. Hicho kilikuwa zaidi chama cha watumishi na wafanyabiashara waliokutana kujadili mambo yao. Tarehe 7 Julai 1954 yeye na wenzake walikibadili kuwa TANU, chama cha siasa kilichodai uhuru waziwazi.

Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini, iliyotawaliwa na Uingereza kwa niaba ya Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo TANU ilikuwa na mahali pa kupeleka madai yake nje ya ofisi ya gavana. Machi 1955 Nyerere alisafiri hadi New York na kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini. Aliporudi, wakuu wa shule walimtaka achague: abaki mwalimu au aendelee na siasa. Alijiuzulu ualimu, akabaki bila mshahara. Baadaye alizoea kusema kwamba ualimu aliuchagua mwenyewe, na siasa ilimpata kwa bahati tu.

Kuanzia hapo alizunguka nchi akifanya mikutano kwa Kiswahili. Hilo lilikuwa na maana kubwa katika nchi yenye makabila zaidi ya 120. Msukuma, Mchaga na Mmakonde walisikiliza hotuba moja bila mkalimani. Wengi waliomsikiliza walisema alieleza mambo kama mtu aliye mbele ya ubao: polepole, kwa mifano ya kilimo na familia, akiuliza maswali na kungoja majibu.

Uamuzi wa Tabora, 1958

Jaribio kubwa la kwanza lilikuja mwaka 1958. Serikali ya kikoloni iliandaa uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria kwa utaratibu ulioitwa kura tatu. Kila mpigakura alitakiwa kuchagua wagombea watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Kupiga kura kulikuwa na masharti ya elimu, kipato au kazi, na hivyo Waafrika wengi waliachwa nje. Wanachama wengi wa TANU waliona ni matusi na walitaka chama kisusie.

Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Nyerere aliwashawishi wajumbe waingie katika uchaguzi. Hoja yake ilikuwa kwamba wakisusia, wengine watachukua viti na kusema kwa niaba ya nchi. Baadhi ya wanachama walikasirika na kujitenga. Lakini TANU iliwaunga mkono pia wagombea Waasia na Wazungu waliokubaliana na madai yake, na ikashinda kwa kishindo. Ushindi huo uliondoa hoja ya wakoloni kwamba chama kile kilikuwa cha Waafrika wachache wenye hasira.

Mwaka huohuo alishtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa wilaya katika gazeti la chama. Mahakama ilimtia hatiani na kumpa chaguo la faini ya paundi 150 au kifungo cha miezi sita. Alilipa faini na kurudi kwenye kazi ya chama.

Septemba 1960 aliongoza serikali ya kwanza yenye Waafrika wengi, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru. Wiki sita tu baadaye alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, na kurudi kwenye chama kujenga matawi na kueleza wananchi maana ya uhuru. Alirudi Desemba 1962 akiwa rais. Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana, na nchi ikaitwa Tanzania.

Azimio la Arusha

Sera yake inajulikana kwa jina moja: ujamaa. Februari 1967 TANU ilitangaza Azimio la Arusha. Benki na kampuni kubwa zikawa mali ya umma. Viongozi wakawekewa miiko: walikatazwa kuwa na hisa katika kampuni, kupangisha nyumba au kuwa na mishahara miwili. Azimio lilisema nchi maskini isitegemee fedha za nje, kwa sababu msingi wake ni watu, ardhi na kazi.

Miezi michache kabla ya hapo kulitokea jambo lililoonyesha msimamo wake. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa na makato ya mshahara wakati wa utumishi huo. Nyerere aliwafukuza wanafunzi karibu 400. Siku hiyohiyo alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa wanafunzi hao waliruhusiwa kurudi baadaye.

Elimu ya Kujitegemea

Machi 1967 Nyerere aliandika waraka ulioitwa Elimu ya Kujitegemea. Alisema shule zilizorithiwa kutoka kwa wakoloni ziliwaandaa wachache kwa kazi za ofisini na kuwafanya wengine wajione wameshindwa. Kwa kuwa watoto wengi wangeishia darasa la saba, basi elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, imfundishe mtoto kufikiri, kulima na kushirikiana. Kila shule ikatakiwa kuwa na shamba au karakana.

Hatua zilizofuata zinaweza kuhesabiwa:

- Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali.
- Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 1973.
- Azimio la Musoma la 1974 liliamua kwamba kila mtoto aingie shule kufikia 1977, badala ya 1989 kama ilivyopangwa awali.
- Wanafunzi wa shule ya msingi, waliokuwa chini ya 500,000 wakati wa uhuru, walizidi milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980.
- Watu wazima walifundishwa kusoma vijijini, na kampeni za redio kama Mtu ni Afya (1973) zilifundisha kuchimba vyoo na kujikinga na malaria.
- Mwaka 1967 theluthi mbili hivi ya watu wazima hawakujua kusoma. Kwa takwimu za serikali, kufikia 1986 walibaki karibu mtu mmoja kati ya kumi.

Upungufu nao ulionekana. Madarasa yalijaa kuliko walimu waliokuwepo, na vijana waliomaliza darasa la saba walipewa mafunzo ya muda mfupi wakawa walimu. Nafasi za sekondari zilibaki chache sana, na wazazi wengi waliona watoto wao wakirudi shambani bila njia nyingine.

Vijiji: pale ushawishi ulipogeuka amri

Mwanzoni Nyerere aliandika kwamba watu wasilazimishwe kuingia vijiji vya ujamaa. Mwaka 1973 alibadili msimamo na kutangaza kwamba kuishi kijijini ni amri. Kufikia 1977 mamilioni ya watu walikuwa wamehamishiwa katika vijiji zaidi ya 7,000. Wengine walipata shule, zahanati na maji kwa mara ya kwanza. Wengine walibebwa kwa malori, nyumba zao zikachomwa ili wasirudi, na mashamba yao ya zamani yakabaki mbali. Uzalishaji wa chakula uliyumba, ukame ukaongeza shida, na nchi ikaagiza nafaka kutoka nje.

Katika siasa pia, nafasi ya kumpinga ilikuwa finyu. Kuanzia 1965 chama kimoja tu kiliruhusiwa Tanzania Bara, na sheria ya 1962 iliruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kesi. Anayetaka kumwelewa Nyerere aweke mambo haya pamoja na yale mazuri, kwa sababu yanaonekana pia katika namna alivyowashughulikia wakimbizi.

Wakimbizi: ardhi, shule na kibali cha kutoka

Wakimbizi wa Rwanda walianza kuingia Tanganyika kuanzia 1959, kabla ya uhuru. Wakafuata watu wa Kongo, na kuanzia 1964 Wamsumbiji waliokimbia vita vya ukombozi. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliwekwa Dar es Salaam mwaka 1963, na chama cha Frelimo kiliundwa humohumo mwaka 1962. Baada ya mauaji ya Soweto ya 1976, Tanzania iliwapa ANC ardhi Mazimbu, Morogoro, nao wakajenga shule iliyoitwa kwa jina la Solomon Mahlangu. Leo majengo hayo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

Kundi kubwa zaidi lilitoka Burundi baada ya mauaji ya 1972. Serikali, UNHCR na shirika la kikristo la TCRS walifungua makazi matatu magharibi mwa nchi: Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mpango ulikuwa hivi: familia inapewa shamba, mbegu na zana, chakula cha msaada kinatolewa mpaka mavuno, shule na zahanati zinajengwa, kisha makazi yanakabidhiwa kwa serikali. Mishamo, iliyoanza 1978, ilichukua pia watu waliohamishwa kutoka Ulyankulu, ambako maji na ardhi havikutosha. Kila kaya Mishamo ilipata karibu hekta 5. Wakazi walilima mahindi, maharage, muhogo na tumbaku, na baada ya miaka kadhaa chakula chao kilikuwa kinauzwa nje ya makazi. Watoto walisoma mtaala wa Tanzania kwa Kiswahili.

Hapa ndipo mwalimu na mtawala walipokutana. Nyerere aliona mkimbizi kama alivyomwona mkulima wa Tanzania: mtu mwenye mikono na akili, asiyepaswa kukaa akingoja mgao. Lakini kama mkulima yule, mkimbizi naye alipangiwa pa kuishi. Sheria ya Kudhibiti Wakimbizi ya 1965 ilimpa waziri uwezo wa kuamua mkimbizi akae wapi, na ilimpa mkuu wa makazi mamlaka makubwa juu ya wakazi. Kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Siasa za nchi ya nyumbani zilitazamwa kwa jicho kali.

Uraia ulikuja kwa baadhi. Mwaka 1980 Tanzania ilifungua mlango wa uraia kwa wakimbizi zaidi ya 30,000 wa Rwanda waliokuwa wameishi nchini tangu miaka ya 1960. Mwaka 1979 mkutano mkubwa wa Afrika kuhusu wakimbizi ulifanyika Arusha. Mwaka 1983 Nyerere alipewa Tuzo ya Nansen, ambayo UNHCR hutoa kwa waliofanya kazi ya pekee kwa wakimbizi.

Kung'atuka

Vita na Idi Amin wa Uganda (1978–1979), bei ya mafuta na udhaifu wa mashirika ya umma viliuchosha uchumi. Maduka yalikosa sabuni, sukari na nguo. Mwaka 1985 Nyerere aliondoka madarakani kwa hiari, jambo lililokuwa nadra Afrika wakati ule, na Ali Hassan Mwinyi akawa rais. Neno kung'atuka lilienea katika Kiswahili kwa sababu yake. Alibaki mwenyekiti wa CCM hadi 1990, na mwaka huo alisema wazi kwamba mjadala wa vyama vingi uruhusiwe. Vyama vingi vilirudi 1992.

Mazungumzo ya amani ya Burundi

Kazi yake ya mwisho ilihusu chanzo cha ukimbizi wenyewe. Vita vilivyoanza Burundi mwaka 1993 viliwafukuza watu wengine kwa maelfu. Mwaka 1996 Nyerere akawa msuluhishi, na vyama vikuu vilikutana Mwanza. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vilivyodumu hadi Januari 1999. Serikali ya Pierre Buyoya ililalamika kwamba msuluhishi ameegemea upande mmoja. Hata hivyo Juni 1998 mazungumzo yalianza Arusha, na pande nyingi zilikaa chumba kimoja.

Nyerere hakuyaona matokeo. Alifariki kwa saratani ya damu tarehe 14 Oktoba 1999. Nelson Mandela alichukua nafasi yake, na Mkataba wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Sehemu ya nne ya mkataba huo inazungumzia kurudi kwa wakimbizi na haki zao juu ya ardhi walizoziacha.

Kilichobadilika baada yake

Mwaka 1994 na miaka iliyofuata, idadi ya waliokimbia Rwanda, Burundi na Kongo ilikuwa kubwa kuliko wakati wowote. Machi 1995 Tanzania ilifunga mpaka wake na Burundi. Wageni wapya waliwekwa kambini, wakatarajiwa kurudi kwao, na watoto wao wakasoma mtaala wa nchi walizotoka. Sheria ya 1965 ilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na Sheria ya Wakimbizi ya 1998.

Wale wa 1972 walikuwa na njia tofauti. Mwaka 2007 waliulizwa kama wanataka kurudi Burundi au kuomba uraia. Wengi walichagua uraia, na zaidi ya watu 160,000 walikubaliwa. Vyeti vilichelewa, vikaanza kutolewa kwa wingi mwaka 2014, na kwa miaka yote hiyo watu waliishi bila kujua wao ni nani kisheria.

Ukilinganisha makazi ya zamani na kambi za leo, tofauti kubwa iko katika shamba. Mkimbizi wa Mishamo alikuwa na kibali cha kuomba kila alipotaka kutoka, lakini alivuna chakula chake. Wazee wa makazi yale wanayakumbuka yote mawili.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Je, uraia wa 1980 au wa 2007–2014 unaweza kudaiwa na mkimbizi aliyefika baadaye?*
Hapana. Mipango hiyo ilihusu makundi maalumu: Wanyarwanda wa miaka ya 1960, na Warundi wa 1972. Aliyefika baadaye anafuata sheria ya uraia ya nchi anayoishi. Uliza ofisi ya serikali inayosajili wakimbizi mahali ulipo, na usimlipe mtu anayeahidi kukupatia cheti.

*Kwa nini anaitwa Mwalimu hata na watu wasio Watanzania?*
Lilikuwa jina la kazi yake kabla ya siasa, na alilipenda kuliko vyeo vingine. Wengi wa wakimbizi wa zamani walimsikia kwa jina hilo redioni.

*Je, sheria ya 1965 bado inatumika?*
Hapana. Ilifutwa na sheria ya 1998. Hata hivyo sheria mpya nayo inamtaka mkimbizi awe na kibali cha kutoka katika eneo alilopangiwa.

Tarehe muhimu

1922 – Anazaliwa Butiama
1943 – Anaingia Makerere
1954 – TANU inaanzishwa
1955 – Anaacha ualimu
1961 – Uhuru wa Tanganyika
1964 – Muungano na Zanzibar
1965 – Sheria ya Kudhibiti Wakimbizi
1967 – Azimio la Arusha. Elimu ya Kujitegemea
1972 – Warundi waingia kwa wingi, Ulyankulu yafunguliwa
1980 – Uraia kwa wakimbizi wa Rwanda
1983 – Tuzo ya Nansen
1985 – Anang'atuka
1996 – Msuluhishi wa Burundi
1999 – Anafariki